Kilo Saba za Rehemah

Nateete, Kampala
11 Mei 2025

Dada Firdaus,

Nimefika salama, ni mgongo tu unaolalamika. Barua hii nampa Okidi, dereva wa basi, na majibu umpe yeye pamoja na robota la madera ya dukani. Tafadhali usinipigie simu kuhusu jambo letu, wala usinitumie ujumbe wa sauti. Unaijua nyumba hii. Simu ikilia mezani, aliye karibu ndiye anayepokea, na mama mkwe wangu Bi Sabah husikiliza sauti zote kwa spika huku akichambua mchele, kisha ananisimulia mimi mwenye simu. Yeye akijua, mume wangu Mubarak atajua hukohuko Juba aliko na lori lake, na mimi nitakuwa nimekatazwa. Bi Sabah husema kila siku kwamba mwili ni amana, haukatwi ukagawiwa.

Basi, damu imekubali, vipimo vyote vimekubali, figo zangu zote mbili nzima, naweza kukupa moja. Kilichokataa ni makalio. Bado namsikia yule daktari wako wa Nairobi: "Mama, kwa urefu wako huu wa mita moja na nusu, kilo sabini na nne ni nyingi, hatuwezi kukupasua. Punguza saba, urudi." Alisema kama mtu anayekuambia ukanawe mikono. Nilitaka kumwuliza kama anajua kilo hizo nimezikusanya kwa miaka mingapi na kwa harusi ngapi za watu.

Lakini nitazishusha. Jirani yangu Jamilah, yule wa duka la vipodozi, amepungua mpaka anavaa nguo za binti yake. Amenipa mpango wake: kalori elfu moja na mia saba kwa siku, na kila chakula kina hesabu yake. Chapati moja karibu mia tatu, Dada! Niliposikia hivyo nikaitazama chapati yangu kama rafiki aliyenisaliti.

Wewe nenda kwenye mashine yako ya kusafisha damu siku zako, unywe maji kwa kipimo walichokupa. Baada ya miezi miwili nitarudi huko mwembamba kama fito.

Mdogo wako,
Rehemah


Kibera, Nairobi
21 Mei 2025

Rehemah,

Kama fito? Wewe? Mama alikuwa akikushonea gauni kwa kitambaa cha watoto wawili, na bado ukikaa vifungo vinaruka. Nimecheka mpaka mwanangu Taqwa akaja mbio akidhani nalia.

Sasa nisikilize, maana pale kwenye korido ya hospitali ulijifanya kiziwi. Figo si kikombe cha sukari cha kuazimana na jirani. Una mume na watoto wako bado wanakuhitaji. Mimi ni mkubwa wako na nimeshaishi. Lakini kichwa chako hata marehemu baba yetu Marjan kilimshinda, kwa hiyo sitapigana nacho. Naomba mambo mawili tu. Usifanye haraka, na usinifiche kitu.

Mimi naendelea vizuri. Mkono wa kushoto wanaouchoma sindano za mashine ni mzima kabisa, wauguzi wenyewe wanausifu. Hakuna anayetukimbiza.

Msalimie Bi Sabah. Mtu anayekupenda vile kumficha jambo zito namna hii mimi halinikai vizuri, ila nyumba ni yako na wewe ndiye unayeijua.

Dada yako,
Firdaus


Nateete
15 Juni 2025

Dada,

Nimeongezeka! Nimepima kwenye mizani ya duka la dawa baada ya Idi, nikakuta sabini na tano. Nikashuka, nikavua viatu, nikapanda tena. Sabini na tano. Mwezi mzima nimejinyima, nimehesabu mpaka maziwa ya chai, na bado mizani inanicheka.

Nikaenda Kabalagala, kwenye kliniki yenye mtaalamu wa lishe anayeitwa Anena. Akauangalia mpango wa Jamilah, akaniuliza huyo Jamilah ana urefu gani. Nikamwambia huyo akiingia dukani kwangu huinamisha kichwa, na kutwa nzima hakai, yuko mbio na mizigo yake. Anena akacheka. Akasema mwili mfupi ni jiko dogo, halili kuni nyingi. Na ukishavuka hamsini, ukawa mtu wa kukaa kwenye kiti nyuma ya meza, linakula kidogo zaidi. Chakula kinachompunguza Jamilah ndicho kinachoninenepesha mimi. Changu ni elfu moja na mia mbili, basi, na nisishuke chini ya hapo bila daktari, maana mwili utaanza kujila vibaya. Nitapungua robo kilo kwa wiki, labda zaidi kidogo nikitembea.

Robo kilo! Nimepiga hesabu, Dada. Ni zaidi ya nusu mwaka.

Kisha akaniuliza nakula nini mchana na jioni, na hapo ndipo nilipoona aibu. Mimi nilikuwa nahesabu cha kwenye sahani yangu tu: uji, chai, yai. Cha kwenye sinia sikukihesabu hata siku moja. Wewe unajua tulivyolelewa, anayehesabu tonge la sinia anafukuza baraka. Na sinia la Bi Sabah si mchezo. Yeye ndiye anayechana nyama kwa mkono wake na kuisukuma upande wako, na nyama iliyosukumwa na mkubwa hairudishwi. Siku ya Idi alinisukumia mbavu mpaka nikawa napumua kwa shida. Anapenda kuniona nikila. Kila mgeni akija humwambia, "Huyu Rehemah yangu hachagui."

Kwa hiyo nimepata njia. Nimemwambia nalipa siku za Ramadhani. Mfungaji hasukumiwi nyama. Magharibi nafuturu chumbani kwangu kwa kisahani changu. Najua ni uongo, tena uongo wa kumtaja Mungu ndani yake, na unaniuma. Lakini atanielewa, si ni kwa ajili yako?

Rehemah


Kibera
13 Julai 2025

Rehemah,

Okidi alikuwa anaumwa, ndiyo maana nimechelewa. Naandika haraka kwa sababu barua yako imenitia wasiwasi. Unalipa siku zipi? Wewe si ndiye uliyeniambia mwaka juzi kwamba mambo ya mwezi yamekuaga, na ukafurahi kwamba sasa utafunga Ramadhani nzima bila kukatiza? Kama umeniambia mimi niliye Nairobi, mama mkwe mnayefua naye kwenye beseni moja hajui?

Acha uongo huo kabla haujakuangusha. Mwambie daktari amekupangia chakula kwa ajili ya presha au magoti, watu wa umri wetu tuna maradhi ya kuchagua. Na umsikilize Anena. Mimi ni mzima.

Firdaus


Nateete
20 Julai 2025

Dada,

Onyo lako limefika nimeshanaswa. Njia ya mwongo kweli ni fupi.

Alhamisi Bi Sabah aliweka sinia, bamia na mikate myembamba ya kisra, nami nikasema nimefunga. Akanitazama mpaka nikaanza kukunja ushungi bila sababu. Akasema, "Rehemah, siku gani hiyo unalipa? Damu yako si ilisimama? Si mimi nilikuchemshia majani ile wakati ulikuwa unatoka jasho?" Akauliza tena, taratibu, "Kyokka, lakini sema tu, mwanangu. Chakula yangu inakutisha?"

Sijawahi kukueleza vizuri habari ya Shamirah, mke wa kwanza wa Mubarak. Alikufa kabla sijaja. Alikula mchana katika nyumba hii, jioni tumbo likamshika, na hakupona. Hospitali walisema ni kidole tumbo kilichopasuka. Nateete wakasema ni mama mkwe. Hakuna aliyemwambia usoni, ila kwa muda mrefu watu walikuja kumjulia hali na chai yake hawakuinywa. Mimi nilipoolewa, siku ya kwanza nilikaa naye sinia moja mbele ya wanawake wote wa mtaa, nikala mpaka nikaomba maji. Hapo ndipo aliponipenda. Na sasa ni mimi ninayekimbia mkono wake.

Nilimwambia hapana, si hivyo. Akauliza ni vipi basi. Dada, ningesema nini? Nikisema presha atanipeleka yeye mwenyewe hospitali kupima. Nikisema kweli, Mubarak atakuja kunifungia ndani.

Tangu siku hiyo anaweka sinia, anaonja kila upande macho yake yakiwa kwangu, upande wangu kwanza, kisha anainuka na kwenda zake bila kula. Hatugombani. Afadhali tungegombana.

Sasa nami siwezi kula hata nikitaka. Lakini usiwe na wasiwasi, nakula vizuri kwenye kisahani changu. Nimeshafika sabini na moja! Kwa Anena sijarudi, kazi ni nyingi. Kampala siku hizi kuna baridi sana, dukani navaa sweta mbili na wateja wananicheka, wao wanajipepea.

Rehemah


Kibera
3 Agosti 2025

Rehemah,

Hakuna baridi Kampala. Nimemwuliza Okidi. Amesema jua linachoma na wewe umekonda uso.

Anena alikuambia robo kilo kwa wiki. Kutoka Idi mpaka barua yako umeangusha nne. Mimi sikusoma sana, lakini hesabu hiyo haihitaji shule. Unakula nini? Niandikie kwa siku moja tu, tangu asubuhi mpaka unalala, na usinipambie. Na kama unakula nusu ya ulichoambiwa, nakuapia kwa kaburi la mama, nitamwambia daktari sitaki figo yako. Nitasema nimeota vibaya, nitasema nimepata wazimu. Sitafunguliwa tumbo nikatiwa kitu ulichokitoa kwa kujiua.

Mimi sina haraka. Ninakuambia kila mara na hutaki kuamini.

Firdaus


(Kikaratasi ndani ya dera la kijani, robota lilelile)

Mama mdogo, shikamoo. Mama hajui kama naandika. Amekudanganya. Mshipa wa mkono wa kushoto uliziba tangu Mei, wakajaribu wa kulia nao ukakataa. Sasa amewekewa mpira wa mashine shingoni, na daktari amesema mpira ni wa muda tu, ukiingia wadudu ni hatari. Kila akitoka kwenye mashine hawezi kushika kikombe. Nimeona ni haki yako kujua. Usimwambie nimekuambia.
Taqwa


Nateete
17 Agosti

Firdaus,

Mkono mzima, wauguzi wanausifu. Uliandika hivyo kwa kalamu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulikuwa unataka kikuumbue mimi nikiwa hapa nahesabu mayai! Unaniambia nisikufiche kitu, mwenyewe umefunika shingo na ushungi.

Usimlaumu Taqwa. Aliniomba nisiseme na nimesema, basi umlaumu mmoja, mimi.

Kilo ni sitini na tisa. Zimebaki mbili. Unataka kujua nakula nini? Asubuhi chai ya rangi. Mchana tango, na yai siku za soko. Jioni chai ya rangi. Nimezoea, tumbo halilii tena. Kilo zimebaki mbili, na mwisho wa mwezi nitapanda basi, na daktari hatauliza nilizishushaje, ataangalia mizani tu. Nywele zinatoka lakini nywele huota. Jana nilimrudishia mteja chenji mara mbili, akawa mwaminifu akanirudishia. Kilo zimebaki mbili.

Bi Sabah haongei nami sasa. Ananiandalia, anaonja, anaondoka. Juzi nilimsikia chumbani akiswali, analia kwenye sijida. Nikitoka Nairobi nitamwomba msamaha mbele ya mtaa mzima, nitakula sinia lote peke yangu. Sasa sina nafasi ya kumwonea huruma.

Usinijibu. Nisubiri tu.

Rehemah


Kibera
24 Agosti 2025

Kwa mama yetu Bi Sabah,

Shikamoo mama. Ni mimi Firdaus, dada yake Rehemah. Nimemwomba Okidi barua hii akutie mkononi mwenyewe, na kama Rehemah yuko karibu ageuke nayo.

Mama, mkweo hakuogopi. Hajawahi kukuogopa hata dakika moja. Mimi ni mgonjwa wa figo, hilo ulilisikia. Ambalo hukulisikia ni kwamba Rehemah anataka kunipa yake, na hospitali imemwambia kwanza apungue kilo saba. Ndiyo sababu ya kukimbia sinia, ndiyo sababu ya uongo wa saumu. Alikuficha kwa kuwa aliogopa utamkataza, na mimi nikajua nikanyamaza, kwa kuwa nataka kuishi. Hiyo ndiyo kweli yangu na inanitia haya mbele yako.

Sasa amevuka mpaka. Anakula tango na chai. Namjua, hatasimama. Kwangu hasikii, maana amegundua nami nilimdanganya. Wewe ndiye mtu pekee anayekaa naye. Mama, mkataze figo ukitaka, una haki. Lakini mlishe. Nakupigia magoti, mlishe.

Binti yako,
Firdaus


Nateete
7 September 2025

Firdaus mwanangu,

Marahaba. Mimi kalamu si kitu yangu, utanivumilia.

Okidi alinipa barua yako Alhamisi asubuhi. Nilikuwa bado natafuta miwani, watu ya soko wakaja mbio: Rehemah ameanguka dukani. Nikaweka barua kwa nguo yangu nikaenda. Tukampeleka kwa ile kliniki ya Kabalagala kwa sababu alikuwa anaita jina ya Anena. Nilisoma maneno yako kwa korido, yeye yuko ndani na dripu.

Nilisoma mara ya kwanza nikakasirika sana. Nikasoma tena nikalia. Bambi, maskini, mimi nilikuwa naonja bamia kila siku kama mbwa ya polisi, na mtoto alikuwa anakufa na njaa mbele yangu ju ya figo yako. Nyinyi wawili mnapendana vibaya. Mlinifanya muuaji kwa nyumba yangu mwenyewe na hakuna mmoja alifungua mdomo.

Sasa sikia habari. Daktari amesema mwili yake imekauka, na hizo figo alikuwa anakuwekea zimeanza kulalamika. Mizani ya kliniki ilisema sitini na nane. Ilibaki moja tu. Lakini daktari amesema hakuna mtu atamkata hivi, kwanza zipone, na zitapona na chakula, si na dawa. Na akisharudi kula, apungue pole pole vile Anena alisema kutoka mwanzo. Anena naye alimgombeza mpaka mimi nikamwonea huruma.

Mimi nilisema mwili ni amana na bado nasema. Nikamwuliza sheikh. Akasema kuokoa mtu inafaa kama mwenye kutoa hatadhurika. Kama hatadhurika! Hiyo neno nimeishika na mikono miwili. Kwa hivyo sikatazi. Lakini mwenye kuangalia kama hatadhurika ni mimi.

Sinia nimeweka juu ya kabati. Nimenunua sahani ndogo mbili. Nakula vile yeye anakula, asiseme mama mkwe anatafuna pilau yeye anatazama. Mubarak mniachie mimi.

Mama yenu,
Sabah


Nateete
28 Septemba 2025

Dada,

Umenishtaki kwa mama mkwe. Nimekaa na hasira wiki tatu nzima, na hata sasa ninavyoandika naihisi. Ilikuwa imebaki kilo moja, Dada. Moja! Nimelala kitandani nikaziona zinarudi, na uji, na dripu. Leo ni sabini. Nikifikiri nilivyozishusha natamani kupiga ukuta.

Bi Sabah hajaniuliza chochote. Siku niliyotoka kliniki alikaa kando yangu, akaninawisha mikono, akaniwekea sahani. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Kula kwanza." Nilipomaliza ndipo alipogeuka upande wa ukuta akalia, nami nikalia, na tangu hapo hatujalizungumza.

Sasa ndiye anayenipimia. Anena amemfundisha kwa mikono: wali ngumi moja, nyama kiganja, mboga za majani hazina kizuizi. Siku ya kwanza alipima kwa ngumi yake, na ngumi ya Bi Sabah unaijua, alikuwa akitwanga tangu msichana. Anena akamwambia hapana, ni ngumi ya Rehemah. Mkono wa mtu mfupi ndio kipimo cha tumbo lake. Kwa hiyo kila mchana nakunja ngumi juu ya sufuria kama bondia, na mama mkwe anainama kutazama. Alfajiri ananitembeza mpaka Rubaga na kurudi. Yeye hachoki, mimi ndiye ninayehema.

Nikienda hivi, nitafika mwaka mpya ukishaingia. Naona aibu kukuandikia maneno hayo wewe mwenye mpira shingoni. Kila tonge ninalomeza naona kama nimekuibia siku. Usiku naamka nikijiambia ningevumilia wiki moja tu zaidi.

Lakini wamenionyesha karatasi ya damu yangu. Nilichokuwa nakutayarishia kilikuwa kinaharibika mkononi mwangu. Kwa hiyo nimekubali. Kazi yangu sasa ni kula kidogo, na kula kila siku. Yako ni moja tu. Usife.

Rehemah


Nairobi, hospitalini
19 Oktoba 2025

Mama mdogo, shikamoo. Mama amesema niandike anavyosema, nisiongeze.

"Rehemah. Sitakuficha tena. Mpira umeingia wadudu, nimelazwa, homa haishuki. Wameutoa wameweka mwingine upande wa pili. Hawajui itakuwaje na mimi sijui. Naogopa. Nilikuwa najifanya nimeshaishi, si kweli, nataka kuishi. Sasa nakuamuru kama mkubwa wako. Usipunguze hata tonge moja kwa sababu ya barua hii. Nikisikia umepunguza, nitaikataa figo yako hata wakinifunga kamba."

Amelala. Mimi naongeza neno moja: unisamehe kwa kile kikaratasi.
Taqwa


Nateete
26 Oktoba 2025

Dada,

Okidi alinipa barua dukani. Niliisoma nikafunga duka. Nyumbani Bi Sabah alikuwa ameshaandaa sahani zetu mbili, nami nikakaa mbele ya yangu, mkono haukuinuka. Kichwani naona kilo mbili zilizobaki, naona shingo yako. Nilijua kabisa naweza. Njaa siiogopi, nimeshaishi nayo. Nilisema moyoni, wiki mbili tu, chai na tango, hakuna atakayejua.

Bi Sabah alisoma barua yako, akairudisha mezani. Aliweka mikono yake mapajani, na sahani yake nayo hakuigusa. Tukakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Nimekula, Dada. Ngumi nzima ya wali. Imenishinda kumeza kuliko nilivyowahi kushindwa na njaa, nimekula machozi yakiingia mdomoni, lakini nimekula. Na kesho nitakula. Nawe fanya hivyohivyo na hiyo homa.

Rehemah


Nateete
25 January 2026

Firdaus mwanangu,

Taqwa ameniambia kwa simu umetoka wodini na unashika kikombe. Alhamdulillah. Sasa simu tunapiga wazi, lakini hii nimetaka kuandika, maneno mengine mdomo inakataa.

Mizani imesema sitini na sita na nusu. Damu yake wamepima Kampala wakatuma huko, na daktari yako amesema ni safi, figo zimepona, tuje. Mimi pia nimepungua, nguo zinanianguka, Jamilah anataka nimwambie siri.

Mubarak alikuja kutoka Juba akapiga kelele mpaka majirani wakazima redio. Nikamwacha amalize. Nikamwambia, wewe nilikutengeneza na mwili hii, damu yangu, mifupa yangu, meno yangu mawili yalienda na mimba yako, na hakuna mtu aliniuliza kama nimekubali kugawa. Akakaa chini. Jioni akamwuliza Rehemah, utaumia? Rehemah akamwambia kidogo. Ameweka sahihi kwa karatasi ya hospitali.

Tunapanda basi ya Okidi Jumapili ijayo. Nakuja mimi mwenyewe, na kwa mlango ya chumba ya kupasua nitakaa mimi, wasiniletee kiti ya mbali.

Sasa Firdaus, sikia neno yangu ya mwisho, na usikasirike. Miezi hii yote nimemlisha kwa ngumi yake. Nimemwona akirudi rangi. Asubuhi sasa ananipita kwa kilima ya Rubaga, anasimama juu ananingoja anacheka. Nikimwangalia hivyo nasema, mtoto mzima namna hii, mimi ndiye nimemnonesha nimpeleke kwa kisu? Sheikh amesema inafaa, daktari amesema inafaa, na mimi nimesema ndiyo. Lakini naogopa, tena sana, na hapa nyumbani sina mtu ya kumwambia, kwa hivyo nakuambia wewe.

Figo moja ni yako. Chukua, nimekubali na roho yangu yote. Rehemah mwenyewe ni wangu, na nitarudi naye Nateete.

Mama yenu,
Sabah